Ubao wa makoti ulioanguka usiku wa msiba: uchambuzi wa kisa kimoja cha Njombe

Kwa nini kisa hiki

Nafundisha useremala, na nikiwauliza wanafunzi wapya wangependa kuanza kutengeneza nini nyumbani kwao, wengi hutaja ubao wa kutundikia makoti na kofia. Wanaona ni kazi ya siku moja: ubao mmoja, vyango vichache (vijiti vya kutundikia), misumari, basi. Kisa hiki nimekiandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya kila mzazi anayetaka kuifanya kazi hiyo sebuleni kwake na watoto wakitazama. Familia inayohusika imeridhia. Majina, kata na kazi za watu nimeviondoa. Mkoa nimeuacha makusudi, kwa sababu bila mvua na baridi ya Njombe kisa chenyewe hakieleweki.

Nyumba na watu wake

Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko unaokaribia meta 2,000. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha Juni hadi Agosti baridi inashika kwelikweli. Kule koti zito si urembo. Mtu mmoja anaweza kuwa na sweta, koti la mtumba la sufu, koti la mvua na mzula, na wazee wengi huongezea kofia ya pama. Vyote hivyo vinatoka mwilini mtu anapoingia ndani, na aghalabu vimelowa.

Nyumba ya kisa hiki wanaishi watu saba: baba, mama, bibi mzaa baba, kijana wa kidato cha pili na wadogo zake watatu. Ilijengwa kwa awamu kama nyumba nyingi za huko. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na ndani zimepigwa plasta ya saruji. Kwa nje matofali bado yako wazi. Hilo la nje likumbukwe, lilikuja kusaidia baadaye.

Kabla ya hapo makoti yalikuwa yakilazwa juu ya viti. Mgeni akija, mama anayakusanya na kuyapeleka chumbani yakiwa mabichi hivyohivyo, na asubuhi yananuka. Yeye ndiye aliyedai patafutwe mahali pa kuyatundika, na baba akaamua kufanya kazi hiyo mwenyewe, kijana akimshikia.

Ubao wa kwanza

Ulitengenezwa Desemba. Baba alinunua paina ya moja kwa nne, yaani inchi moja unene na inchi nne upana, akaikata futi tano. Njombe na Mufindi ni nchi ya paina, na ubao unaokutana nao sokoni mara nyingi umetoka kupasuliwa juzijuzi tu. Huu nao ulikuwa hivyo: mzito mkononi, wenye mabaka ya bluu na ulimbo ulionata vidoleni.

Vyango vilikuwa vinane, vilivyokatwa kwenye matawi mabichi ya mkaratusi uliokuwa nyuma ya nyumba. Vilichongwa kwa kisu, vikaingizwa kwa nguvu kwenye matundu na kupakwa gundi ya mbao. Ubao ukapigiliwa ukutani kwa misumari minne ya inchi tatu, yote ikipita katikati ya upana wa ubao. Haukupakwa kitu.

Sababu za kila uamuzi zilikuwa za maana kwa wakati ule. Ubao mwembamba ulichaguliwa kwa sababu vyango havihitaji nafasi kubwa. Matawi ya mkaratusi yalikuwa ya bure, na mkaratusi ni mti mgumu. Misumari ilikuwepo ndani, imebaki kwenye ujenzi. Baba aliuning'inia ubao kwa mikono miwili kuupima, na ukamhimili. Kipimo hicho kilimridhisha kila mtu, na ndicho kilichowapotosha, kama nitakavyoeleza.

Kufikia mwishoni mwa Januari ubao ulikuwa umejipinda. Ncha ya kushoto iliachana na ukuta kiasi cha kidole kupita. Vyango vitatu vilikuwa vinazunguka ukivigusa, na kimoja kilitoka na koti. Baba alikirudisha kwa gundi zaidi.

Usiku ulipoanguka

Februari ulitokea msiba kwenye ukoo, na jamaa waliotoka mbali walifikia nyumba hii. Mvua ilikuwa imewanyeshea njia nzima. Makoti kumi na manne yalitundikwa kwenye vyango vinane, mengine yamepandana, na kofia zikawekwa juu ya makoti. Yapata saa nne usiku ubao wote ukachomoka. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, ncha ikampiga begani. Alipata uvimbe, hakuvunjika. Ungempata kichwani tungekuwa tunaandika jambo jingine.

Niliitwa siku chache baadaye, baada ya matanga. Nilimwomba baba asizibe matundu kwanza, kwa sababu matundu ndiyo yanayosema. Mawili yalikuwa yametokea kwenye kiungo cha udongo kati ya tofali na tofali, na ukipitisha kijiti unatoka unga mkavu mwekundu. La tatu lilikuwa kwenye tofali lililopasuka kwa kugongwa. Msumari wa nne ulibaki ukutani umepinda, kichwa chake kimetoboa ubao na kupita. Kwa maneno mengine, ubao ule ulikuwa umeshikwa na msumari mmoja na plasta.

Hesabu ya mzigo

Hapa nitakawia kidogo, maana hapa ndipo kisa kinapofundisha.

Tulichukua mizani ya mama ya kupimia maharage, tukaloweka koti la sufu la baba, tukalikamua kidogo na kulipima. Lilikaribia kilo 3. Baba akasema, “Kilo tatu si kitu, mimi nina kilo sabini na ubao ulinibeba.” Lakini aliponing'inia alishika ubao wenyewe, mzigo ukiwa umelala karibu kabisa na ukuta. Koti linaning'inia kwenye ncha ya chango, mbali na ukuta, na kwa hiyo halivuti kuelekea chini tu. Linang'oa.

Fikiria ukingo wa chini wa ubao kama bawaba. Koti la kilo 3 liko sentimita 10 kutoka ukutani, na misumari iko sentimita 5 juu ya ukingo ule. Kilo 3 mara 10 ni 30, gawa kwa 5, unapata 6. Kila koti la kilo 3 lilikuwa linavuta misumari itoke ukutani kwa nguvu ya kilo 6. Makoti kumi na manne yanafanya kilo 84, ukigawa kwa misumari minne ni kilo 21 kila mmoja, na tumeona misumari yenyewe ilikaa ndani ya nini.

Sasa badilisha kitu kimoja: upana. Chukua ubao wa inchi nane, yaani sentimita 20, na vifungo vyake uvipandishe hadi sentimita mbili na nusu kutoka ukingo wa juu. Umbali kutoka kwenye “bawaba” unakuwa sentimita 17 na nusu. Thelathini gawa kwa 17.5 haifiki 2. Koti lilelile, chango kilekile, lakini nguvu ya kung'oa imeshuka chini ya theluthi ya ile ya kwanza. Kijana aliirudia hesabu hii mara mbili kwenye daftari lake kabla ya kuiamini, na mimi niliona fahari kumtazama.

Maamuzi ya mara ya pili

Swali la kwanza lilikuwa kama waachane na ukuta kabisa na kutengeneza mti wa kusimama wenye vyango juu. Mama alikataa, na alikuwa sahihi. Mti wa kusimama ukitundikwa makoti mazito upande mmoja unaelemea, na nyumba hii ina mtoto wa miaka minne. Kuuzuia usianguke kunataka miguu mipana ambayo ingekula sebule yote. Wakarudi ukutani.

Swali la pili lilikuwa ubao. Walinunua paina tena, ya moja kwa nane, futi sita, lakini safari hii hawakuifanyia kazi mara moja. Waliilaza darini juu ya jiko ikiwa imeinuliwa kwa vijiti ili hewa ipite pande zote, na mawe mawili juu yake isijipinde. Kila Jumamosi kijana aliishusha na kuipima uzito. Mwanzoni ilikuwa kilo 7 na nusu. Ilishuka haraka wiki za kwanza, kisha polepole, na mwishoni mwa Mei ikagoma kwenye kilo 4.6 kwa wiki tatu mfululizo. Uzito ukigoma, ubao umelingana na hewa ya nyumba. Ni njia isiyohitaji kifaa chochote cha fundi. “Baba, kumbe karibu kilo tatu za maji zilikuwa humu ndani?” kijana aliuliza. Upana nao ulikuwa umepungua zaidi ya nusu sentimita. Ubao wa kwanza ulikuwa umepitia mabadiliko hayohayo, ila wenyewe uliyapitia ukiwa tayari umepigiliwa ukutani, ndiyo maana ulijipinda.

Waliangalia pia upande upi uelekee chumbani. Kwenye kichwa cha ubao duara za mti zinaonekana. Ubao ukiendelea kukauka, uso uliokuwa karibu na gome huingia ndani kama kijiko. Uso huo ukiuelekeza ukutani, kingo za juu na chini zinabaki zimebana ukuta hata ubao ukijikunja kidogo. Ukiugeuza, kingo ndizo zinazoinuka.

Kwa vyango, baba alipata wazo ambalo sasa nawafundisha wanafunzi wangu. Alitumia mipini mitatu ya majembe ya zamani. Mpini wa jembe uliotumika miaka mingi umekauka hadi ndani, hauna kifundo na umeshalainishwa na mikono. Kila mpini ulikatwa vipande, na kwenye kila kipande kikachongwa shina la milimita 22 lenye bega, ili chango kiegemee uso wa ubao na kisitegemee tundu peke yake. Walitoboa tundu la majaribio kwenye kipande cha ubao na kulitumia kama kipimo: shina likiingia kwa kugongwa kidogo, sawa, likiingia kwa mkono, linatupwa.

Matundu yalitobolewa yakiinama ili vyango viangalie juu kidogo. Baba alikata karatasi ngumu yenye mwinuko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 5, akaisimamisha kando ya drili, na kijana akawa anatazama biti ifuate mstari wa karatasi. Kisha kila shina likapasuliwa kwa msumeno mwembamba na kupigwa kabari kutoka nyuma. Hapo nilisisitiza jambo moja: mpasuo usimame wima, ukikingamana na nyuzi za ubao zinazolala. Kabari ikitanua shina kufuata nyuzi, ubao unahimili. Ikitanua kukata nyuzi, ubao unapasuka mbele ya macho yako.

Idadi ya vyango ikapunguzwa kutoka vinane hadi sita. Watoto hawakufurahi, lakini makoti yaliyobanana hayakauki.

Mama alitaka na sehemu ya kofia. Juu ya ubao ikawekwa rafu ya sentimita 25, ikishikwa na viegemeo viwili vya pembetatu. Wadogo wakatengenezewa ubao wao mfupi, kwenye kimo cha sentimita 110. Ule mkubwa vyango vyake viko sentimita 165.

Kabla ya kufunga, ubao ulipigwa msasa, vifundo vyenye ulimbo vikafutwa kwa tineri na kupakwa sila, yaani rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao, kisha vanishi mikono mitatu, mbele na nyuma. Nyuma haionekani, na ndiyo sababu wengi huiacha. Lakini upande usiopakwa hunywa unyevu kuliko uliopakwa, na ubao unajikunja upya.

Kufunga ukutani

Tofali liko wapi nyuma ya plasta? Hapa ndipo matofali ya nje yalipofaa. Baba alitoka nje na futi, akapima kutoka ukingo wa chini wa dirisha hadi katikati ya kila mstari wa matofali, na kutoka ubavu wa dirisha hadi katikati ya kila tofali kwenye mstari alioutaka. Akaingia ndani, akaanzia dirisha lilelile na kuweka alama kwa penseli. Tulihakikisha kwa msumari mwembamba: kwenye tofali unagoma, kwenye udongo unazama. Alama moja kati ya saba ilikosea, wakaisogeza.

Drili ilitumika bila mtetemo wa nyundo, maana matofali yale ni laini na mtetemo huyapasua. Urefu wa skrubu ulipatikana kwa kujumlisha: ubao uliorandwa sentimita 2, plasta sentimita 2, fisha (plagi inayoingizwa kwenye tundu la ukuta ili skrubu ishike) sentimita 5. Jumla ni sentimita 9, kwa hiyo skrubu ya inchi tatu na nusu. Plasta isihesabiwe kabisa kwamba inashika kitu. Skrubu tano zilikwenda juu na mbili chini, baada ya pimamaji kukubali.

Matokeo

Ubao ulifungwa Juni, na mimi nilirudi kuuona Aprili iliyofuata, karibu msimu mzima wa mvua ukiwa umepita juu yake. Haukuwa umesogea. Niliingiza karatasi nyuma ya ukingo wa juu ikagoma urefu wote. Vyango vitano havichezi. Cha sita, cha mwisho kulia, kinazunguka kidogo. Shina lake lilikuwa limechongwa jembamba na kabari haikutosha kufidia.

Rafu ya kofia haikutosha. Pama ya baba ina ukingo mpana unaotokeza nje ya sentimita 25, na kila anayepita anaigonga. Ilihitajika kufika angalau 32. Kila mtu alipima ubao na ukuta, hakuna aliyepima kofia.

Nyuma ya makoti mawili yanayolowa kila siku, la baba na la kijana, ukuta ulikuwa umeota ukungu. Chini yake sakafu ina alama ya maji.

Uchambuzi

Kilichobeba mzigo wa mafanikio, kwa maoni yangu, ni uamuzi wa kuanza na ukuta. Mara ya kwanza walianza na ubao na kuupeleka ukutani kama jambo la mwisho, la dakika kumi. Mara ya pili nafasi za matofali ndizo zilizoamua skrubu zipite wapi, na skrubu zikaamua upana wa ubao. Hata wangetumia mbao ngumu kama mninga au msaji mara ya kwanza, ubao ungeanguka vilevile, tena ungeanguka ukiwa mzito zaidi. Nimewasikia watu wakisema kosa lilikuwa paina. Sikubaliani nao hata kidogo. Paina hiyohiyo imekaa miezi kumi bila kutikisika.

Kukausha kulistahili miezi yake, ingawa mama aliishi na makoti juu ya viti muda wote huo na hakunyamaza. Kama subira ya hivyo haiwezekani, ni afadhali kutafuta ubao wa zamani uliotoka kwenye kitanda kibovu au fremu ya mlango kuliko kutumia mbichi. Kwa vyango sioni njia ya mkato: chango kibichi kitasinyaa tundu likibaki, na gundi haiwezi kujaza nafasi hiyo.

Kipimo cha baba kuning'inia kilikuwa na nia njema lakini kilipima kitu kingine. Mara ya pili tulifunga kamba kwenye ncha ya kila chango, tukaning'iniza ndoo yenye lita 10 za maji na kuiacha usiku kucha. Lita 10 ni kilo 10, zaidi ya mara tatu ya koti lililolowa, na ziko mahali koti linapokaa. Chango cha sita kilipita jaribio hilo pia, kwa sababu ndoo inavuta chini na haizungushi. Kukizungusha kwa mkono kungekigundua siku ileile, na kukitoa wakati huo kulikuwa rahisi kuliko sasa ambapo ubao mzima lazima ushushwe.

Kupunguza vyango kulikuwa uamuzi mgumu zaidi kuutetea mbele ya watu saba, na bado nauunga mkono. Wageni wakija, makoti ya ziada yanatundikwa kwenye kamba ya barazani. Ubao wa nyumbani ujengwe kwa mzigo wa kila siku na akiba yake, na wenyeji wakubali kwamba siku ya shughuli patatafutwa pengine.

Ukungu ni suala la hewa, na ubao hauwezi kulitatua peke yake. Vyango vyenye urefu wa sentimita 12 vililisogeza koti, lakini koti zito likiwa limelowa pindo lake la chini bado linalala ukutani. Pendekezo nililowaachia ni papi mbili, yaani vipande virefu vyembamba vya mbao, zilizopakwa vanishi, zisimame wima ukutani kuanzia chini ya ubao hadi kimo cha magoti, ili pindo liegemee papi na hewa ipite nyuma. Chini iwekwe beseni bapa au sahani ya bati ya kukingia maji. Baba anasema papi atazifunga mvua zikikatika, pamoja na kupanua rafu, na safari hii pama yake italala juu ya ubao ipimwe kabla msumeno haujagusa kitu.